Jinsi ya kumfumania "mimi" akiwa kazini

Umetuma meseji, unaona imesomwa, dakika kumi kimya, nusu saa kimya, saa nzima kimya. Ukija kushtuka umeshamfungulia huyo mtu kesi kichwani, ushahidi upo, mashahidi wa mwaka juzi umewaita, hukumu imetoka, na wewe ndio mlalamikaji na hakimu na mfungwa humohumo. Alafu anajibu "samahani nilikua naendesha". Sasa ile hasira inaenda wapi? Na yule "mimi" aliyedharauliwa, yule aliyebanwa kifua saa nzima, alikuwepo kabla ya meseji au alizaliwa nayo?

Hiyo ndio kazi ya leo. Mafundisho ya mwanzo kabisa ya Budha, yale yaliyobaki kwa lugha ya Kipali (yalikaa vichwani mwa watawa kwa vizazi, yakaja kuandikwa Sri Lanka kwenye karne ya 1 kabla ya Kristo), yanaeleza jinsi akili inavyopokea kitu, inakipiga lebo, alafu inamtengeneza mtu wa kukimiliki. Watu wengi wanaipita hii sehemu wanakimbilia nirvana (ule ukombozi wa mwisho) na habari za kuzaliwa upya. Mi naona hapa ndipo penye mali. Na huhitaji kubadili dini yako wala kununua kitu, unahitaji macho, masikio, na uvumilivu kidogo wa kukaa na kitu kinachoboa.

Onyo dogo kabla hatujaanza: usianze na swali la "je mimi nipo au sipo". Mi nilianza nalo, nikapoteza muda mrefu sana kubishana na watu usiku. Kuna mtu alimfuata Budha akamuuliza hivohivo, anaitwa Vacchagotta, mzururaji mmoja mpenda mijadala. Akauliza, kuna nafsi? Budha kimya. Akauliza, basi hakuna nafsi? Kimya tena. Jamaa akanyanyuka akaondoka. Ananda, mtawa msaidizi wa Budha aliyekua pembeni, akashangaa, mbona hukumjibu, akaambiwa ukimjibu "ndio ipo" unaungana na wanaosema nafsi ni ya milele, ukimjibu "hapana" unaungana na wanaosema ukifa ndio basi, tena huyu alishachanganyikiwa angezidi kuchanganyikiwa akidhani zamani alikua na nafsi na sasa imepotea. Kwa hiyo acha hilo swali mlangoni. Utakachofanya ni kuangalia tu lebo ya "mimi" inabandikwa saa ngapi na juu ya nini.

Ramani ya njia

Kuna maelezo mafupi sana yaliyotolewa na Mahakaccana, mwanafunzi ambae Budha alimsifia kwa kufafanua mambo yaliyosemwa kwa ufupi. Yanakwenda hivi: kuna jicho, kuna umbo, panatokea ufahamu wa kuona. Vikikutana hivyo vitatu ndio mguso. Pakiwa na mguso panakua na hisia (vedana, na hapa hisia maana yake ni ladha tu ya kitu: tamu, chungu, au katikati). Unachokihisi unakitambua, hiyo ndio sanya, yaani kutambua, kupiga chapa, "hii ni buluu", "huyu ni fulani". Unachokitambua unakiwaza. Unachokiwaza unakizalisha, na hapo wana neno lao zuri sana, papancha, ule mtawanyiko wa mawazo yanayozaana kama magugu mpaka hukumbuki yalianzia wapi. Na mwisho ile mizao inamgeukia mtu mwenyewe inamvamia, ya jana ya leo na ya kesho.

Rudi uisome tena polepole maana kuna kitu kimejificha kwenye sarufi. Mwanzo hakuna mtu. "Panatokea", "panakua na hisia". Katikati ghafla mtu anaingia: unahisi, unatambua, unawaza. Mwisho mtu huyohuyo anageuka kua mtendwa, anavamiwa. Kipali chenyewe kimekaa hivyo, sijakiongezea.

Na sisi wa Kiswahili tunaijua hii bila kufundishwa. Tunasema hasira zimenipanda, usingizi umenichukua, wivu umenishika. Hasira ndio mtendaji, mi nimebaki "-ni-" katikati ya kitenzi kama mzigo uliobebwa. Alafu dakika tano baadae tunasema "NIMEKASIRIKA" kama vile tulipanga mkutano tukaamua. Na walimu wa sarufi wenyewe hicho kiambishi cha mwanzo wanakiita nini? Nafsi. Kiambishi cha nafsi. Basi shika hilo maana tutalitumia.

Anza na sikio

Vitabu vingi vya kutafakari vinaanza na pumzi. Sawa, pumzi ni nzuri, ila kwa hii kazi maalum mi nashauri uanze na sikio, sababu pumzi tayari ushaizoea kuiita yangu wakati sauti ya nje ni ngumu kuimiliki. Kaa popote, hata kwenye kiti, dakika kumi, funga macho, na usitafute ukimya. Kelele ndio malighafi.

Sauti ikija jaribu kuona vitu vitatu. Kwanza kuna mlio mtupu kabla ya jina, kitu cha sekunde au hata chini ya hapo. Alafu jina linaruka juu yake: pikipiki, mlango, mtoto. Alafu ladha na maoni: "kelele hizi jamani". Siku za mwanzo utachelewa, utashtukia uko kwenye maoni tayari, na hilo halina shida hata kidogo, rudi tu nyuma ujiulize lilianza na nini. Kilichonishangaza mi mwenyewe ni kwamba jina linakuja pamoja na picha. Nasikia mlio, naona pikipiki nyekundu kichwani, kumbe sijaona pikipiki yoyote, nimefunga macho! Ile picha imechorwa na sanya kutokana na pikipiki za zamani. Yaani sehemu kubwa ya "nilichosikia" nimejipikia mwenyewe.

Hapo ndipo maneno aliyoambiwa Bahiya yanapoanza kuleta maana. Huyu Bahiya alikua anavaa magome ya miti, anakaa Supparaka, pwani ya magharibi ya India, watu wanamheshimu mpaka akaanza kudhani ameshafika, yaani ameshakombolewa. Akaja kuambiwa hujafika na hata njia ya kufika huijui. Akafunga safari mpaka mji wa Savatthi, kaskazini mwa India, akamkuta Budha yuko mtaani anapokea chakula, akamwambia nifundishe hapahapa. Budha akamwambia sio muda wake huu, akakataa mara mbili, ya tatu akampa maneno machache: katika kinachoonekana kiwe kinachoonekana tu, katika kinachosikika kiwe kinachosikika tu, na hivohivo kinachohisiwa na kinachotambuliwa. Ikiwa hivyo kwako, akamwambia, basi wewe hutakua "kwa hicho", hutakua "humo". Bahiya akaelewa palepale. Muda mfupi baadae akauawa na ng'ombe mwenye ndama, kwa hiyo ule ung'ang'anizi wake wa "nifundishe sasa hivi" ulikua na maana kuliko alivyojua.

Angalia hayo maneno yanavyokaa kwa Kiswahili: kinachoonekana, kinachosikika. Kauli ya kutendeka. Hakuna aliyesikia, kitu kimesikika tu. Ndio maana zoezi la pili linafanyika kwa lugha.

Badili kitenzi

Kwa siku tatu nne hivi, kimoyomoyo tu (usimfanyie mtu mbele yake utaonekana umerukwa), kila ukikamata hisia kali igeuze isiwe na nafsi. "Nimekasirika" iwe "kuna hasira". "Naboreka" iwe "kuna kuboreka". "Nasikia njaa" iwe "panasikika njaa". Inachekesha mwanzoni. Ila usiishie kwenye maneno, ukishasema "kuna hasira" uliza: iko wapi? Mara nyingi utaikuta ni vitu viwili vitatu vilivyosukwa pamoja, joto usoni, mkazo wa taya, na sentensi moja inayojirudia. Sasa iangalie ile sentensi, karibu kila mara ina "mimi" au "-ngu" ndani yake. Amenidharau. Nafasi yangu. Ukiiacha sentensi ukabaki na joto la uso, joto linapoa lenyewe baada ya muda, sentensi ikirudi joto linapanda tena. Fanya hili jaribio mara kumi uone mwenyewe nani anamlisha nani.

Ila hapa kuna mtego na nimeuona kwa watu wengi: kutumia "kuna hasira" kama kichaka cha kujifichia. Umemtukana mtu alafu unasema haikua mimi, ilikua hasira tu. Hapana bwana. Hata enzi zile kuna mtawa aliwaza hivyo, kwamba kama vyote hivi si nafsi basi matendo yaliyofanywa na kisicho nafsi yatampata nani? Budha akalikamata lile wazo akasema huyu anataka kuruka juu ya mafundisho ya mwalimu. Tendo lina matokeo yake, ukikosea omba radhi, kitenzi cha kuomba radhi kiache na nafsi yake.

Mafungu matano, na kwanini hakuna hata moja linalotii

Baada ya hotuba ya kwanza pale Sarnath karibu na Varanasi, Budha aliwapa walewale wafuasi watano hotuba ya pili, na hii ndio kiini cha somo la anata, "si nafsi". Alichukua kila kitu ambacho mtu anaweza kukiita mimi akakigawa mafungu matano: rupa (mwili na umbo), vedana (ladha ya hisia), sanya (kutambua), sankhara (misukumo, nia, mazoea ya akili), na vinyana (ufahamu). Hoja yake ya kwanza ni ya kawaida sana, ya mtu wa kazini. Ingekua mwili ni nafsi yako usingekuletea mateso, na ungeweza kuuagiza, mwili wangu uwe hivi, usiwe vile. Jaribu sasa hivi: agiza usiwe na njaa kesho. Agiza hisia ya sasa iwe tamu. Agiza usilitambue neno hili, MAJI. Umeshindwa eeh? Ukiona tu herufi maana imeshaingia, hukuulizwa. Hiyo ndio sanya inavyofanya kazi bila ruhusa yako, na ndio hiyohiyo tunayoitetea kwa nguvu zote tukisema "mimi ninavyoona".

Zoezi: kila jioni chagua kitu kimoja tu kilichokusumbua siku hiyo ukipitishe kwenye mafungu. Mfano mtu amekukosoa mbele za watu. Mwili: moyo ulienda mbio. Ladha: chungu. Kutambua: nilipiga chapa "dharau" (ingeweza kupigwa chapa nyingine? "haraka"? "woga wake yeye"?). Misukumo: kutaka kujibu, kupanga jibu. Ufahamu: akili iligandia sauti yake, vingine vyote vilipotea. Kwa kila fungu uliza maswali yale ya hotuba: hiki kinadumu au kinabadilika? Kinachobadilika kinaweza kunipa raha ya kutegemea? Basi inafaa nikiite hiki ni changu, hiki ndio mimi, hii ndio nafsi yangu? Usijibu kama mtu wa mtihani. Acha swali likae juu ya ile kumbukumbu mpaka uone jibu lenyewe. Hayo matatu ya mwisho yana mashina matatu tofauti kwa mujibu wa wafafanuzi: "changu" ni tamaa, "ndio mimi" ni majivuno ya kujilinganisha, "nafsi yangu" ni mtazamo. Utagundua wewe una ugonjwa mmoja zaidi ya mingine. Wangu ni wa kujilinganisha.

Kuna mifano mitano iliyotolewa kando ya mto Ganges, kila fungu na mfano wake, na mi naishika kuliko maelezo yote. Mwili ni kama povu linaloelea mtoni. Hisia ni kama kiputo cha maji mvua ikidondoka. Kutambua ni kama mazigazi, yale maji unayoyaona mbele ya njia jua likiwa utosini. Misukumo ni kama mgomba: mtu katoka na shoka akitafuta mbao ngumu, anakata mgomba mkubwa ulionyooka, anaanza kumenya, ganda, ganda, ganda, hakuna hata mti laini ndani, sembuse mgumu. Ufahamu ni kama mazingaombwe njiapanda.

Huo wa mazigazi usipite haraka. Mazigazi hayamaanishi hakuna kitu, mwanga upo, joto lipo, jicho ni zima. Kosa liko kwenye kusema "maji" na kuanza kuyakimbilia. Ndivyo na chapa ya "ananidharau": kuna sauti, kuna uso, kuna maneno, alafu kuna maji ambayo hayapo. Na kosa hili lina ngazi. Mafundisho yanataja kupinduka kwa aina nne, kuona kidumucho ndani ya kisichodumu, raha ndani ya kinachoumiza, nafsi ndani ya kisicho nafsi, na uzuri ndani ya kisicho kizuri, na kila moja inaweza kukaa kwenye kutambua, kwenye wazo, au kwenye msimamo. Kwa hiyo unaweza kuwa na msimamo sahihi kabisa, unauelezea vizuri hadi watu wanapiga makofi, na sanya yako bado inakimbilia maji. Hapa ndio wengi tumekwama. Kusoma kunarekebisha msimamo. Kutambua kunarekebishwa kwa kukamatwa mara nyingi kikitenda, hakuna njia ya mkato.

Vijiti vya Jeta

Zoezi hili ni la kutembea. Budha akiwa kwenye bustani ya Jeta pale Savatthi aliwauliza watawa: mtu akija akabeba majani na vijiti na matawi ya bustani hii akaenda kuvichoma, mtafikiri anatubeba sisi? Wakasema hapana, sababu hivyo sio sisi wala sio vyetu. Basi tembea polepole ukiangalia vitu vya njiani, jiwe, ukuta, jani lililodondoka, na usikilize mwili unavyoitikia. Kimya kabisa, hakuna kinachotikisika. Alafu geuza jicho kwenye kitu chako, simu yako, kiatu chako kipya, na uwazie kimekwaruzwa. Sikia ule mshtuko mdogo kifuani. Jani na kiatu vyote ni rupa tu, tofauti yao ni ule uzi usioonekana unaotoka kwako. Nenda ukirudi kati ya hivyo viwili mara kadhaa mpaka uujue ule uzi kwa mguso wake. Ukishaujua mwilini utautambua pia ukivutwa na maoni yako kwenye mabishano, na hapo ni mkali zaidi.

Watu wengi wakifika hapa wanasema sawa, mwili sio mimi, vitu sio mimi, ila ANAEANGALIA ndio mimi. Shahidi. Mazoezi mengine yanafundisha hivyo, lakini haya hayaishii hapo. Kuna sehemu Budha anasema hata afadhali mtu angeuita mwili nafsi kuliko akili, maana mwili unaweza kuonekana umesimama miaka mingi hata 100, wakati kinachoitwa akili kinatokea kingine kinakoma kingine usiku na mchana, kama nyani msituni anaeshika tawi, anaachia, anashika jingine. Na mtawa mmoja aitwae Sati aliposhikilia kwamba ufahamu huuhuu mmoja ndio unaosafiri alikaripiwa vibaya, akaambiwa ufahamu unaitwa kwa sababu yake kama moto unavyoitwa kwa kuni zake. Kwa hiyo rudi kwenye sikio: huyo shahidi yupo muda wote, au anatokea kila mara unapomkumbuka? Mtafute wakati hujamtafuta, ndio kichekesho chenyewe.

Tahadhari moja ya maana. Kama una historia ya kujihisi umejitenga na mwili wako, kila kitu kama filamu, au umetoka kwenye mshtuko mkubwa, mazoezi haya ya kuondoa "mimi" usiyafanye peke yako, ongea na daktari au mtaalam wa afya ya akili kwanza. Kufa ganzi na kuona wazi vinaweza kufanana kwa nje ila sio kitu kimoja. Ukiona unazidi kua mbali na watu na mambo hayakugusi tena, simamisha, kula, tembea, kaa na watu.

Mabaki

Baada ya wiki kadhaa kuna kitu kitakuudhi. Utayaona mafungu vizuri, utaweza kusema hili si mimi na lile si mimi kwa ukweli kabisa, na bado kuna ki-"mimi" fulani kinaning'inia hewani hakishiki popote. Ukadhani umefeli. Basi soma habari za Khemaka. Huyu alikua mtawa, mgonjwa sana huko mji wa Kosambi, wazee wa watawa wakamtuma mwenzao Dasaka aende akamuulize hali, na kama kuna chochote katika yale mafungu matano anachokiona ni nafsi. Akajibu hakuna. Wakasema basi umeshafika. Akajibu sijafika. Dasaka wa watu anaenda na kurudi na maswali mpaka Khemaka mwenyewe akasema basi nipeni fimbo yangu, akajikongoja mpaka kwa wazee, mgonjwa vilevile.

Akawaambia: sisemi mwili ndio "mimi nipo", wala sisemi "mimi nipo" iko nje ya mwili, na mafungu mengine hivohivo, ila kuhusu yote matano ile "mimi nipo" haijanitoka. Kama harufu ya ua, utasema ni ya petali? Ya rangi yake? Ni ya ua. Na akatoa mfano wa nguo chafu iliyopelekwa kwa dobi akaifua kwa chumvi na magadi na mavi ya ng'ombe ikatakata, lakini ikarudi na harufu ya hayo mafulio, mwenye nguo akaiweka kwenye sanduku lenye manukato mpaka ile harufu nayo ikaisha. Wakati anaeleza hivyo wazee kama 60 wakawekwa huru, na yeye mwenyewe pia, kwa maelezo yake mwenyewe.

Kwa hiyo hayo mabaki usiyapige vita. Endelea na sikio lako dakika kumi, endelea na mafungu ya jioni, na lile wazo jipya litakalokuja la "mimi sasa naona mambo ambayo wengine hawaoni" liingize nalo kwenye orodha ya jioni hiyohiyo: ladha tamu, chapa "nimeendelea", msukumo wa kutaka kumwambia mtu.